Macho Makavu, Kinywa Kikavu: Kuupima Ugonjwa wa Sjögren

Mama wa makamo anayefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Hale, wilayani Korogwe, akilalamika kwamba macho yanamkereketa kana kwamba yameingia mchanga, jambo la kwanza kushukiwa ni vumbi la mkonge. Dhana hiyo si mbaya. Lakini iwapo mama huyo hawezi kumeza ugali bila kuuteremsha kwa maji, na meno yake yanaoza haraka karibu na fizi, vumbi halitoshi kuwa maelezo.

Hapo ndipo ugonjwa wa Sjögren unapopaswa kukumbukwa. Unaitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza katika tasnifu yake ya mwaka 1933. Kinga ya mwili huzigeukia tezi za machozi na za mate na kuzishambulia. Wanawake ndio wengi, takriban 9 katika kila wagonjwa 10.

Kuupima ukavu wenyewe ni kazi nyepesi. Kipimo cha Schirmer, kilichoelezwa mwaka 1903, huhitaji ukanda wa karatasi ya kuchujia uliopachikwa kwenye kope ya chini. Baada ya dakika 5 hupimwa sehemu iliyolowa. Milimita 5 au pungufu ni dalili ya uhaba wa machozi. Kwa mate, mgonjwa huketi ametulia na kutema yanayojikusanya kwa dakika 15: yasipozidi mililita 1.5, ni haba. Saa na bomba la sindano vyatosha, hata katika zahanati.

Ugumu uko katika kuyafasiri majibu. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, vilivyoandikwa kwa ajili ya utafiti ingawa madaktari huviegemea, hudai alama 4. Schirmer hutoa 1, mate 1, na rangi inayoonyesha madhara juu ya jicho 1. Jumla ni 3. Mtu aweza kuwa mkavu kwa kila kipimo na bado ugonjwa usithibitike, kwa kuwa ukavu huletwa na mengi: amitriptilini, baadhi ya dawa za mzio, kisukari, mionzi ya kichwani. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini C huweza kuuiga ugonjwa huu, hivyo vipimo vyake visiachwe nyuma.

Alama 3 za uzito hutoka kwenye kingamwili za Ro ndani ya damu. Ni heri kwa mkazi wa Hale kwamba majimaji ya damu yaliyotengwa na kuwekwa kwenye ubaridi huweza kusafirishwa hadi maabara ya mbali, naye akabaki nyumbani. Kingamwili zisipoonekana, ugonjwa haujakanushwa; hukatwa vijitezi vichache ndani ya mdomo wa chini, na mtaalamu wa patholojia hutafuta makundi ya limfositi 50 au zaidi. Navyo vina alama 3.

Jibu la Ro si la kuhifadhiwa tu kwenye jalada. Kwa mjamzito, kingamwili hizo hupita kwenye kondo na mara chache huuharibu mfumo unaoongoza mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo kliniki ya wajawazito iarifiwe mapema. Na tezi iliyo mbele ya sikio ikivimba bila kunywea, rufaa haingoji majibu ya damu: huenda ikawa limfoma.