Usingizi wa dereva ni kazi ya nyumba nzima

Wiki hii ukurasa wetu wa afya unaziacha kidogo habari za malaria na maji ya visima, tuzungumzie jambo linalozigusa nyumba nyingi za hapa Kilwa Kivinje na pwani yote ya Lindi, nalo ni usingizi wa dereva.

Mji wetu ni wa wavuvi, lakini samaki hawaendi Dar es Salaam kwa miguu. Hupakiwa kwenye Fuso pamoja na barafu, hutoka kupitia Nangurukuru usiku, na hutakiwa wawe soko la Feri alfajiri, kabla wachuuzi hawajamaliza kununua. Yako malori ya ufuta na korosho, yako ya saruji kutoka Mtwara. Na tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa zuio la miaka mingi la mabasi kusafiri usiku, madereva wa mabasi nao wameingia katika kundi la wanaokesha. Kwa hiyo huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, yuko mtu anayetakiwa alale mchana ninyi mkiwa macho.

Nianze na mgonjwa mmoja. Ni miaka kadhaa imepita. Nikiwa zamu ya usiku akaletwa dereva wa lori la samaki, mguu umevunjika juu ya goti. Lori lilikuwa limeacha barabara upande wa Somanga, mahali paliponyooka, hakuna kona, hakuna mvua, tairi zote nzima. Utingo wake, kijana aliyeifunga kazi hiyo miezi michache tu, alikuwa ameshafariki. Nilimuuliza dereva kama alisinzia. Akaapa kuwa hakusinzia.

Mkewe alipofika asubuhi ndipo nilipopata habari kamili. Mumewe aliingia nyumbani siku iliyotangulia saa 5 asubuhi, akitokea Dar, hajalala usiku kucha. Akaoga, akajinyoosha. Saa 6 akaja mgeni mwenye shida yake, akaamshwa. Akaswali Adhuhuri, akala, akalala tena. Saa 9 mtoto akaanguka uani, kelele, akaamka. Baada ya Alasiri palikuwa na maziko mtaa wa pili, akaenda. Magharibi tajiri akapiga simu kwamba mzigo uko tayari. "Daktari," yule mama aliniambia, "mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha. Kila mara ni mimi."

Nilimpa maneno ya kumtuliza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha. Sisi matabibu tunawaita kina mama kliniki, tunawaeleza habari za chandarua, za kunawa mikono, za kuchemsha maji. Sikumbuki hata siku moja nilipomweleza mke wa dereva namna ya kuulinda usingizi wa mumewe. Basi leo nalipa deni hilo.

Kwanza tufahamu kwamba yule dereva hakusema uongo. Ubongo uliochoka haumuombi ruhusa mwenye nao. Unajizima kwa sekunde tatu au nne, macho pengine yakiwa wazi, kisha unarudi. Hilo ndilo lepe la usingizi, na mara nyingi aliyepitiwa nalo hajui kama lilipita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwa mabasi na malori yetu, hukata mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde nne ni karibu mita 90, ambazo ni karibu urefu wa kiwanja cha mpira, na kwa muda wote huo hakuna mtu kwenye usukani.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kipimo walichofanya: waliwapima watu walionyimwa usingizi, na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyekaa macho saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, na huyo ni mlevi katika nchi nyingi zenye sheria ya barabarani. Ndugu zangu, dereva wetu hajui hata harufu ya pombe, anaswali swala tano, na bado anaweza kuingia barabarani akiwa katika hali ya mlevi. Wala hawezi kujitambua, kama mlevi naye asivyojitambua.

Mambo mawili ndiyo yanayoleta hali hiyo. La kwanza ni muda aliokaa macho. La pili ni saa iliyomo ndani ya mwili, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka ifuate jua. Saa hiyo huushusha mwili kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena kidogo mchana kati ya saa 8 na saa 10. Dereva anayeondoka Kivinje saa 4 usiku hukutana na wakati ule mbaya akiwa kati ya Kibiti na Mkuranga, pale anapojiambia kwamba safari imekwisha.

Wazee wetu wana simulizi za barabara hii. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na kipande cha kuja Somanga kilikuwa tope tupu wakati wa masika. Safari ilichukua siku nzima au zaidi. Madereva walilalamika, lakini walilala. Foleni ya pantoni iliwalaza wapende wasipende. Lami nzuri tuliyoipata imetuondolea tabu nyingi, alhamdulillah, ila imeondoa na kile kitanda cha lazima. Tena barabara nyororo isiyo na mashimo inabembeleza.

Nini kinaondoa usingizi? Kulala tu. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kujimwagia maji usoni, kutafuna karanga, vyote hivyo ni vya dakika chache, baada ya hapo lepe linarudi. Mirungi, mbali na kuwa imekatazwa na sheria ya nchi, hauondoi uchovu; inauficha, na siku inapomtoka dereva uchovu wote humrudia kwa mkupuo. Vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ni njia ileile kwa jina jingine. Kahawa ina nafasi yake, lakini huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Anayejisikia mzito asimamishe gari mahali salama, stendi, kituo cha mafuta au uwanja wa msikiti, anywe kikombe kimoja, alale dakika 15 hadi 20, na akiamka asiondoke papo hapo. Atembee kama robo saa mpaka kichwa kitulie. Asilale gari likiwa limekaa ukingoni mwa barabara. Lori lililosimama gizani bila vibao vya pembetatu linagongwa na dereva mwingine anayesinzia. Matawi ya miti hayaakisi mwanga wa taa.

Wapo watakaosema dereva mwanamume hushindana na usingizi. Amepokea Mama Aisha (r.a.), na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu anayesinzia ndani ya swala akalale mpaka usingizi umtoke, kwa kuwa huenda akataka kuomba maghufira akajikuta anajilaani. Ikiwa mbele ya Mola wake mtu ameambiwa akalale, huyu mwenye abiria hamsini nyuma yake anashindana na nani?

Sasa turudi nyumbani. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi katika kila siku. Usingizi wa mchana ni mwepesi na mfupi, kwa sababu ya mwanga, joto, kelele na ile saa ya mwilini. Kwa hiyo anayelala mchana apewe nafasi zaidi, si pungufu. Chumba kiwe cha giza. Khanga mbili nzito dirishani zinatosha. Kama kuna feni, mlio wake unasaidia kufunika kelele. Simu ikae kwa mke, naye aipokee. Tajiri akiambiwa na mke kwamba baba amelala na ataamka saa fulani, mara nyingi hungoja. Dereva aamke kwa ajili ya swala, ale chakula chepesi, arudi kitandani bila ya chai ya rangi. Na aliyekesha jana asikubali mzigo wa leo usiku. Hapo najua nagusa riziki za watu, na najua matajiri wengine watanuna. Lakini madereva wawili wa gari moja wakipokezana, gari linatembea na wote wanalala.

Kwa mabasi, safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili. Ni jambo zuri, ila yule wa pili anayejibanza nyuma ya kiti, akirushwarushwa na matuta, hapumziki sawasawa. Yeye pia anatakiwa awe amelala vizuri kabla ya safari.

Lililo gumu zaidi kwa watu wa pwani ni maziko, arusi na wageni. Mtu asipoonekana mazikoni tunamsema mwaka mzima. Tulisoma madrasa kwamba kumswalia maiti na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, dhambi imewaondokea wengine. Jirani wa dereva wa usiku amuondoe katika hesabu siku hiyo, na mke asione haya kusema amelala. Aende kuhani siku ya mapumziko.

Katika Ramadhani hali huwa nzito zaidi, kwa kuwa tarawehe na daku hula usingizi wa usiku. Msafiri amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo ni ya kutumiwa. Dereva mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano asifunge kabla hajaonana na mtaalamu wa afya, kwa sababu sukari ikishuka akiwa njiani atatetemeka, atatoka jasho, kisha atachanganyikiwa.

Yamebaki mambo mawili ambayo dereva mwenyewe hayaoni. Dawa za mafua, kikohozi na muwasho, hasa Piriton, huleta usingizi, na nyingine bado zinafanya kazi kesho yake asubuhi. Ukinunua dawa dukani useme kwamba mtumiaji ni dereva. Zipo za aina nyingine zisizolaza sana. La pili ni kukoroma. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kama aliyekatika pumzi, kisha akashtuka akitweta, na mchana akasinzia hata akiwa anazungumza na watu, huyo njia yake ya hewa inajifunga usingizini. Analala saa 8 na kuamka kama hakulala. Ugonjwa huu unawapata zaidi wenye mwili mkubwa na shingo nene, na kukaa kwenye usukani miaka mingi kunawanenepesha madereva wengi. Una matibabu: kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, na kwa wengine mashine ya kusukuma hewa inayovaliwa usiku. Mke ukiyaona hayo, mlete hospitali, na uje naye uingie chumba cha daktari. Ukimwachia aje peke yake atasema analala vizuri tu.