Wufa ya Nyumbani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Teremsha sauti hadi sufuri kabla ya kuwasha, na kabla ya kuzima. Kila siku.

Stima ikipotea, zima kwenye soketi papo hapo. Hapa Nambale inaweza kurudi saa 8 usiku, tena kwa kishindo kinachochoma mashine, huku wufa ikiamsha ploti nzima.

Usianze na besi. Weka besi na trebo katikati, cheza wimbo unaoujua vizuri, pandisha sauti unavyotaka, ndipo uongeze besi kidogo kidogo. Maneno ya mwimbaji yakianza kumezwa, umepita kiasi, rudisha.

Sauti ikikwaruza, teremsha mara moja. Hapo amplifaya imeishiwa nguvu, na koili iliyo nyuma ya koni inapata moto. Ukisubiri hadi unuse harufu ya kuungua, umechelewa, peleka kwa fundi. Na usiamini maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye katoni. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachotaja wati inazokula: haiwezi kucheza mfululizo kwa nguvu inayozidi hizo.

Ukicheza kwa bluetooth, zima ikwaliza ya simu. Besi iliyoongezwa mara mbili ni uchafu.

Usiweke wufa kwenye kona, wala usiiegemeze kwenye ukuta wa jirani. Kona huivimbisha besi. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa ploti hauliwezi. Wewe unafurahia wimbo. Mama mwenye mtoto mchanga upande wa pili anapata mdundo mtupu na mabati yanayotetemeka. Hilo ni jambo la kuonea haya. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana, na 35 tu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Usingoje uletewe askari.

Radi ikinguruma, chomoa waya wa stima na wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Usiazime mtu wufa ya sebuleni kwa disko matanga. Haikuundwa kukesha uwanjani, na serikali imeshazipiga marufuku disko hizo huku Magharibi mara kadhaa kwa sababu ya wasichana wetu wanaoharibikiwa humo. Akija kuiomba, mnyime, hata awe ndugu wa damu.