Mbio zipi za Filbert Bayi zilikuwa kubwa kuliko zote? Maswali yenu na majibu

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, ubishi wa zamani umerudi kwa nguvu miongoni mwa vijana wanaofanya mazoezi Ngaramtoni, Sakina na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid: nani mkubwa, na alikuwa mkubwa siku gani? Maswali mengi yaliyonifikia yanamhusu Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953. Nimeyajibu kadiri ya uzito wake.

Kocha, shikamoo. Ukilazimishwa kuchagua mbio moja tu ya Bayi, utachagua ipi?

Marahaba. Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sisiti hata kidogo.

Tazama alivyokimbia. Bunduki ilipolia alichukua uongozi na hakumwachia mtu mpaka utepe. Hakukuwa na mwanariadha wa kukodiwa kumvutia kasi, kama ilivyozoeleka siku hizi kwenye mashindano ya kusaka rekodi. Mita 800 za kwanza alizimaliza kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, wengine wakiwa wamebaki nyuma kwa mbali. Kwenye kona ya mwisho John Walker, mwenyeji, akaanza kulila lile pengo huku uwanja mzima ukimshangilia. Hapo ndipo wakimbiaji wengi wa mbele hufa. Bayi akaongeza. Saa ikasoma 3:32.16, rekodi mpya ya dunia, na Walker akaingia kwa 3:32.52.

Hesabu vizuri: rekodi ya zamani ya Jim Ryun, 3:33.1, ilikuwa imekaa tangu 1967. Walker aliivunja naye, akaambulia fedha. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi Agosti 1979, alipoivunja Sebastian Coe, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe hakuna aliyekimbia kasi kuliko ile mpaka Birmingham 2022. Miaka 48!

Wazee hapa mtaani wanasema alikuwa anakimbia bila akili, anatoka mbio tu. Ni kweli?

Si kweli, na naomba tuache kulisema hilo. Kutangulia kwake kulikuwa mbinu aliyoijenga kwa miaka. Mwaka 1972 kule Munich alitolewa kwenye mchujo, mita 1500 na pia kuruka viunzi na maji. Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, akamshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 aliyekuwa mfalme wa mbio hizi barani. Mimi ushindi wa Lagos nauweka nafasi ya nne, maana ndipo alipojua kwamba hakuna mtu wa kumwogopa.

Mwaka huohuo mjini Stockholm, kwenye mbio za maili, Jipcho alimpita na kushinda kwa 3:52.0, Bayi 3:52.6. Mtu asiye na akili angeendelea vilevile. Yeye alijifunza kubakiza kitu kwa ajili ya kipande cha mwisho, na miezi saba baadaye Walker alikutana na kitu hicho.

Kwa vijana wanaonisoma: anayetangulia anabeba upepo peke yake, na wa nyuma wanamwona wakati yeye hawaoni. Kushinda hivyo mbele ya wakimbiaji wa daraja lile ni kazi ngumu kuliko kukaa kwenye kundi na kuchomoka mita 200 za mwisho.

Na rekodi ya maili mbona haitajwi sana?

Kingston, Jamaika, 17 Mei 1975, 3:51.0. Aliipunguza ya Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na Agosti hiyohiyo Walker akakimbia 3:49.4. Ndiyo maana imefunikwa. Naipa nafasi ya tatu.

Ya tatu? Basi ya pili ni ipi, kama si rekodi ya dunia?

Moscow, 31 Julai 1980. Najua wengi watanipinga, kwa sababu siku ile alishindwa.

Alikuwa amehamia mita 3000 kuruka viunzi na maji: viunzi 28, na mara saba unaruka kile cha majini, ambako ukikosea hatua moja unaingia kwenye maji mpaka magotini na mdundo wote unapotea. Hakuwa na uzoefu wa wenzake katika mbio hizo. Hata hivyo alifanya lilelile la Christchurch: akatoka, akafungua pengo kubwa, akawalazimisha wote wamfukuze. Bronisław Malinowski wa Poland, aliyeujua mchezo huo nje ndani, alimpata katika mzunguko wa mwisho. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48, Eshetu Tura wa Ethiopia 8:13.57.

Angejificha kwenye kundi, pengine asingepata medali kabisa. Fedha ile na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 siku iliyofuata ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Kwangu hilo linaizidi rekodi iliyodumu miezi mitatu.

Tusingesusia Montreal 1976, angemshinda Walker?

Hili linaniuma mpaka leo. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zilijiondoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Nasimama na uamuzi ule. Lakini gharama yake alibeba kijana wa miaka 23. Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.17, mbio za kuviziana. Bayi angekuwepo, zisingekuwa za kuviziana, hilo nakuhakikishia. Mshindi siwezi kukutajia.

Edmonton 1978?

Fedha, nyuma ya David Moorcroft: 3:35.48 kwa 3:35.59. Nzuri, ila si Bayi wa 1974. Ya tano.

Kocha, Simbu ana dhahabu ya dunia, Bayi hakuwahi. Si ameshampita?

Kwa medali, amempita, na apewe heshima yake yote. Dhahabu ya Simbu ni ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na aliipata kwa tofauti ya sekunde 0.03 mbele ya Amanal Petros wa Ujerumani. Zile ni mbio za subira, mtu anasubiri zaidi ya saa mbili ili apige pigo moja. Bayi alipiga pigo la kwanza na kudai ajibiwe. Wakati wake, tena, mashindano hayo ya dunia hayakuwepo; yalianza 1983.

Ila kuna jambo moja ambalo vijana wa mita 1500 walifikirie wanapofunga kamba za viatu. Rekodi ya taifa bado ni 3:32.16, na iliwekwa Christchurch mwaka 1974.