Heshima za Idara katika Elimu ya Uhusiano wa Mataifa



Wengi wetu tukimaliza kidato cha sita twatamani kusoma mambo ya mataifa: mikataba, vita na amani, biashara na mipaka. Wengine huomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko watasikia habari za "heshima za idara", na yafaa tujue maana yake mapema.

Kwanza tuondoe makosa mawili. Shahada ya heshima ni kitu kingine. Hiyo hupewa mtu mashuhuri kwa kumtukuza, hata kama hakuketi darasani siku moja. Tena ziko heshima za Kilatini, kama cum laude na summa cum laude. Hizo aghalabu hutolewa kwa kuangalia maksi za masomo yote. Heshima za idara hutolewa na idara yenyewe, kwa mwanafunzi aliyefanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika vizuri. Maksi nzuri humfikisha mlangoni tu.

Desturi hii ni ya zamani kidogo. Chuo cha Swarthmore, katika jimbo la Pennsylvania, kilianza mpango wa namna hii mwaka 1922, chini ya mkuu wake Frank Aydelotte, ambaye alikuwa amesoma Oxford. Wanafunzi wa mpango huo hutahiniwa na wataalamu wanaotoka nje ya chuo. Elimu ya mataifa nayo ilipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa mwaka 1919 huko Aberystwyth, Wales. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, na watu waliuliza: maafa kama haya yatazuiwaje? Basi elimu yenyewe ilikua kwa swali.

Sasa njia yake. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni ya miaka minne. Kila idara ina masharti yake, lakini kwa jumla mambo huenda hivi:

1. Mwanafunzi awe na maksi za juu. Wastani huhesabiwa mpaka 4, na idara nyingi hutaka 3.5 au karibu na hapo.

2. Katika mwaka wa tatu ajifunze namna ya kufanya utafiti, achague swali, na amwombe profesa mmoja awe msimamizi wake.

3. Katika mwaka wa nne aandike tasnifu. Mara nyingi huitetea mbele ya walimu wawili au watatu, wakimwuliza naye akijibu.

Sehemu iliyo ngumu ni kuchagua swali. Tuseme mtu ataka kuandika juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hilo si swali bado, ni ghala. Akiuliza, "Kwa nini Jumuiya ilivunjika mwaka 1977?" amekaribia, lakini bado ni pana: mna ugomvi wa kugawana faida, mna tofauti za siasa, na tena Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin baada ya mapinduzi ya 1971. Lakini akiuliza, "Kwa nini kugawana mali za Jumuiya hiyo kulichukua mpaka mwaka 1984?" hapo ameshika kitu. Yuko mpatanishi, Victor Umbricht wa Uswisi. Uko mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei mwaka huo. Yako magazeti ya nchi tatu. Swali lina mwanzo na mwisho, na jibu lake laweza kupimwa kuwa kweli au si kweli. Na hapa Kiswahili chetu ni mtaji, maana tutasoma karatasi ambazo wengine hawawezi kuzisoma.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuteleza. Niliandika insha ndefu juu ya Umoja wa Mataifa, nikatumaini sifa. Mwalimu aliandika chini yake: "Umenieleza yote uliyosoma. Wewe wauliza nini?" Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona ana haki. Miaka yote tumefundishwa kujibu maswali ya wengine, na ni wachache kati yetu waliozoea kutunga lao.

Asiyefaulu kupata heshima hizi kwa kawaida hakosi shahada yake, akiwa ametimiza masomo mengine. Kwa hiyo asiogope kujaribu. Lakini asijaribu kwa ajili ya jina tu, maana mwaka mzima na swali usilolipenda ni mzigo mzito.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Tuanze sasa, tusingojee ndege ya kwenda ng'ambo.

Zoezi: Chagua habari moja ya nchi jirani katika gazeti la juma hili. Tunga maswali matatu juu yake, kila moja jembamba kuliko lililotangulia. Kisha jiulize: jibu la lile la mwisho nitalitafuta wapi?