SOMO: HITA YA MAJI ISIYO NA TANGI
Ndugu wafanyakazi, sisi wa mashamba ya chai ya milimani tunaijua baridi ya alfajiri, na hita ya bafuni isiyo na tangi tunaitamani. Tupige hesabu kwanza. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 40 hula karibu nusu uniti, kwa tangi au bila tangi. Ila tangi hupoteza joto usiku kucha. Hapo tunaokoa. Lakini hita ya kilowati 5, kwa volti 240, huvuta ampea 21 hivi. Waya mwembamba wa taa utaungua! Na pasipo waya wa ardhini, umeme ukivuja humwua anayeoga. Waya huo tumdai mwenye nyumba kabla ya kununua hita.