Pemba kwa Raha na kwa Bei ya Wastani: Namna ya Kuchagua Hoteli

Ukitafuta hoteli ya kifahari Pemba, picha za kwanza utakazoziona ni za kaskazini ya kisiwa, kwenye rasi ya Kigomasha. Huko ndiko kiliko chumba cha Manta Resort kinachoelea baharini, kitanda chake kikiwa chini ya maji na samaki wakipita dirishani. Chumba hicho kilifunguliwa mwaka 2013, na bei ya usiku mmoja hupita dola 1,000. Kusini ipo Fundu Lagoon, inayofikiwa kwa boti kutoka Mkoani, nayo ni ya mamia ya dola. Wengi wakishaona bei hizo huamua kwamba Pemba si saizi yao, wakabaki Unguja.

Wanajinyima bure. Pemba ina miji mitatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, na msafiri wa kipato cha kati akijipanga hupata humo kitanda kizuri, maji ya moto, samaki aliyevuliwa siku hiyo na utulivu wa kweli. Ushauri wangu ni huu: lala mjini, pesa itumie mchana.

Uchague mji upi

Chake Chake ndiyo makao mazuri kwa mgeni wa mara ya kwanza. Uko katikati ya kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi, kwa hiyo kaskazini na kusini zote unakwenda na kurudi siku moja. Uwanja wa ndege nao uko kilomita chache tu mashariki ya mji. Hifadhi Hotel iliyopo Tibirinzi na Pemba Island Hotel ya barabara ya Wesha ni mahali pa kuanzia kuulizia. Anayetaka bahari karibu asogee hadi Wesha, kwenye Misali Sunset Beach: unalala ufukweni, na mjini ni safari fupi ya gari.

Wete ni mji wa watu wasiopenda haraka, na unafaa zaidi kama nia yako ni msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Hapo ulizia Pemba Crown. Mkoani ndiko meli nyingi za abiria zinakotia nanga. Lala huko ukiwa na meli ya alfajiri. Vinginevyo panda gari uendelee na safari. Daladala namba 603 ni ya Mkoani na Chake, 606 ni ya Chake na Wete, na 602 inakutoa Chake hadi Konde, karibu na Ngezi.

Kwenye simu, uliza hivi

Usitosheke na bei ya kwenye mtandao. Piga simu hotelini, salimia kwanza, kisha useme shida yako yote kwa pamoja: “Assalamu alaykum, kaka. Nahitaji chumba cha watu wawili kwa siku nne, na chai ya asubuhi iwemo. Bei ya Mtanzania ni kiasi gani, na kodi zote zimo?”

Hoteli nyingi zina bei ya mgeni na bei ya mwenyeji, na asiyeuliza hutajiwa ya mgeni. Siku nne zina nguvu ya kushusha bei kuliko siku moja. Tena, hoteli za Zanzibar hutoza ushuru wa miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku. Bei isiyojumuisha ushuru huo itakupa hesabu nyingine siku ya kuondoka.

Uliza pia kuhusu jenereta. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea mashine za dizeli, na maisha yalikuwa ya mgao. Hali sasa ni nzuri zaidi, lakini ikitokea hitilafu, hoteli isiyo na jenereta haina kiyoyozi, na pengine haina hata maji, kwa sababu pampu nayo inataka umeme.

Chumba kikague kabla ya kulipa

Mapokezi wakikupa ufunguo, waambie kwa upole kwamba ungependa kukiona chumba kwanza. Hakuna atakayekasirika. Fungua bomba la mvua na uliache litiririke dakika mbili: utajua kama maji yana nguvu na kama hita inafanya kazi. Washa kiyoyozi na ukae kimya usikilize, maana kinachonguruma mchana hakitakuacha ulale usiku. Kikunjue chandarua chote utazame matundu, hasa pembeni kinapochomekwa chini ya godoro. Nusa mashuka. Fungua dirisha uone linaelekea wapi: la barabarani lina honda na daladala tangu asubuhi na mapema, la uani lina upepo na kimya.

Vikiwa sawa hivyo, chumba hicho kinatosha. Marumaru ya ukumbini na kochi kubwa la mapokezi havitakusaidia kulala.

Msimu unaamua bei

Kuanzia Juni hadi Septemba ni kipupwe, hali ya hewa ni nzuri na bei ziko juu. Masika, Machi hadi Mei, baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa na za mjini husikiliza maombi ya punguzo. Barabara za ndani huwa tope na bahari huchafuka, kwa hiyo masika yanamfaa anayetaka kupumzika, si mpiga mbizi. Kama unaifuata Sikukuu ya Idi, weka nafasi mapema ya chumba na ya meli, kwani Wapemba walioko Dar es Salaam, Mombasa na Oman hurudi kwao.

Ramadhani ni mwezi mwingine. Mchana migahawa ya mjini hufungwa, hivyo kubaliana na hoteli kuhusu chakula chako kabla hujafika. Miezi yote vaa nguo za heshima ukiwa mjini, na ujue kwamba hoteli nyingi za mjini haziuzi pombe.

Pesa uliyookoa itumie hapa

Siku moja iwe ya kisiwa cha Misali. Kodi boti Wesha, mgawane gharama na wageni wengine wa hoteli, na mlipe kiingilio cha hifadhi. Matumbawe yake ni miongoni mwa mazuri katika pwani yetu yote.

Siku ya pili nenda Ngezi na muongozaji wa msituni, akuonyeshe mpapindi, mti wa Pemba wa jamii ya minazi, kisha uendelee hadi Vumawimbi. Ukirudi, pitia Kidike uwaone popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mitini kwa mamia. Siku ya tatu iwe ya historia: magofu ya Pujini, ngome ya mtawala wa kale Mkama Ndume, na makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake.

Nusu ya pili ya mwaka, karafuu zikichumwa, utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara. Jioni familia hukaa barazani kuzichambua: kikonyo huku, karafuu kule, vidole vikienda mbio bila macho kutazama. Simama, salimia, uliza. Mafuta ya makonyo nunua kwenye kiwanda cha Wawi, karibu na Chake. Karafuu zenyewe usizibebe kwa magunia, maana kuzitorosha nje ya kisiwa ni magendo na sheria ni kali.

Chakula cha usiku usifungiwe hotelini. Toka ukale pweza, mishkaki na chapati barabarani, umalizie kwa kahawa chungu na kipande cha halua.

Na ufukwe wa kifahari je?

Kama moyo unautaka, uweke usiku mmoja wa mwisho, usiwe wa kwanza. Ukianza nao, chumba cha mjini utakiona duni hata kikiwa kizuri. Ukimaliza nao, unakuwa umeshakiona kisiwa na saa zote ishirini na nne ni za kupumzika. Au ipigie simu hoteli ya kifahari uulize kama inapokea wageni wa chakula cha mchana. Utakaa kwenye mandhari ile ile na kulipa sahani tu.

Wageni wasio Watanzania wakumbuke bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza kutozwa 1 Oktoba 2024 kwa dola 44. Iingize kwenye bajeti kabla ya hoteli. Chukua na fedha taslimu za kutosha, kwa sababu boti, daladala na muuza pweza hawapokei kadi.