Audi ndogo ya dola 8,500

*Yaya, nauza vitenge katika soko kuu la Bunia. Miaka kumi napanda moto (pikipiki), mvua ni yangu, vumbi ni langu. Sasa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa mzunguko, imefika. Kuna Audi A1 iliyotumika, iko Kampala, dola 8,500: ndogo, safi, viti vya ngozi. Kwa pesa hiyo napata Toyota kubwa zaidi. Bwana anasema natafuta sifa. Nifanye nini? — Mama Vitenge, Nyakasanza*

Mama, hilo neno la sifa limeniuma. Mtu aliyekula vumbi miaka kumi, akitaka kukaa mahali pazuri kwa pesa ya jasho lake, asisimangwe.

Lakini Audi hiyo usiinunue. A1, iliyotoka mwaka 2010, imejengwa juu ya mifupa ileile ya Volkswagen Polo. Pesa ya ziada inalipia ngozi, utulivu wa ndani, milango inayofunga vizuri, na jina. Anayeishi Ulaya anavifaidi hivyo kila siku. Wewe utavifaidi kwenye Boulevard de la Libération tu. Ukikata kuingia mtaani kwenu wakati wa mvua, tumbo la gari litakwaruza mawe.

Tena nyingi zina giaboksi ya S tronic, yenye klachi mbili zinazoongozwa na kompyuta. Mafundi wetu ni hodari, ila hiyo inataka vifaa maalumu. Piesi itatafutwa Kampala, ipite Goli na Mahagi, au ivuke Ziwa Albert mpaka Kasenyi, nawe umerudi kwenye moto ukihesabu siku. Siku hizo nazo ni bei ya gari, ingawa muuzaji hazitaji. Piesi za Toyota ziko hapa mjini, na kijana yeyote wa garaji anazijua.

Halafu usukani. Uganda wanapita kushoto, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia; sisi huku Kongo tunapita kulia. Ukiwa na usukani wa kulia nyuma ya lori, huoni kinachokuja mpaka gari lako limeshajitokeza njiani. Hilo nakuomba ulitazame hata kwa Toyota.

Tafuta RAV4 ya zamani iliyotunzwa, ubakize pesa ya forodha, plaki na matairi mapya. Viti mpelekee fundi avivishe ngozi, rangi uipendayo. Na usitoe hata dola moja kabla fundi unayemwamini hajalala chini ya gari hilo na kulikagua.